Duka la Kujaribia Katika Kompyuta

Wengi hudhani kwamba duka la tovuti ni kitu kimoja. Sivyo, ndani yake mna kazi mbili. Ya kwanza ni ya mwandishi: kurasa, habari na picha. Ya pili ni ya mwuzaji: bei, kikapu, malipo na hesabu ya mali iliyobaki. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, hufanya ile ya kwanza. WooCommerce, iliyotoka 2011, hupachikwa juu yake ikafanya ya pili. Zote mbili hupatikana bure.

Ukiisha kuzipata, intaneti si lazima. Programu iitwayo XAMPP huigeuza kompyuta yako kuwa seva, nayo ina hifadhidata ya kutunzia kurasa na bidhaa pamoja. Katika malipo chagua kulipa mzigo ufikapo, usiunganishe benki wala simu. Kisha andika kwamba ghalani mna fulana mbili, ujifanye mnunuzi utake tatu, uone kama duka litakukatalia. Hapo ndipo penye somo, si katika rangi na mapambo ambayo wenzetu hupotezea jioni nzima.

Ukitaka wazazi walione kwenye intaneti, washa kwanza tangazo la WooCommerce lisemalo kuwa hili ni duka la majaribio na maagizo hayatatimizwa. Mzazi aliye mbali hawezi kujua kama sare zile zipo au ni picha tu. Akiona namba ya kulipia atatuma fedha. Basi namba isiandikwe hata kwa mfano, maana namba ya kubuni yaweza kuwa na mwenyewe.