SOMO: TAA ZA TRELA ZIKIKATAA KUWAKA



Somo hili ni la vikundi vyenye trela: ile ya tangi la maji, ya nyasi, au ya kubeba mchanga na mawe. Linawahusu pia wanaokodi trela ya jirani. Si lazima uwe fundi. Mambo haya mwanamke anaweza, kijana anaweza, na mzee mwenye macho mazuri anaweza.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza, kila mmoja aweze kukagua taa za trela kabla ya safari, kutafuta ubovu ulipo bila kubahatisha, na kujua wakati wa kumwita fundi.

KWA NINI TUSUMBUKE NA TAA?

Hapa Isiolo tuko karibu na ikweta, na giza huingia haraka. Ikifika saa moja jioni ni usiku. Tena barabara yetu si ile ya zamani. Tangu lami ifike Moyale katika miaka ya 2010, njia hiyo ya karibu kilomita 500 ina magari ya mbio.

Hebu tupige hesabu. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ili lisimame kabisa linahitaji zaidi ya mita 50, na hapo breki ni nzuri na lami ni kavu. Taa za gari zikiwa chini, dereva haoni mbali kushinda hapo. Sasa trela yenye kutu na vumbi, bila taa nyuma, ataiona wakati gani? Ataiona ameshaifikia. Watakaoumia ni yeye na abiria wake, na mara nyingi vijana wetu waliopanda juu ya nyasi.

Wengine husema, "Sisi hutembea mchana tu." Hiyo si kinga. Unatoka Timau na nyasi saa nane mchana, tairi inapasuka kwenye mteremko, unatafuta jeki, na kabla hujafika mjini jua limezama. Safari ya usiku haipangwi, inakukuta tu. Na Sheria ya Trafiki ya Kenya (Sura 403) pamoja na kanuni zake inadai taa kwa trela pia.

UMEME HUENDA NA HURUDI

Hili ndilo jambo kubwa la somo. Umeme ni kama mtu anayetumwa dukani: lazima aende na arudi. Hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, hupita kwenye plagi ya trela, hufika kwenye balbu, halafu hurudi kwenye betri upande wa negativu. Njia ikikatika mahali popote, taa haiwaki.

Watu wengi huangalia njia ya kwenda na kusahau ile ya kurudi. Kwenye trela nyingi umeme hurudi kwa kupitia chuma chenyewe, halafu pale trela inapoungana na trekta. Lakini hapo pana kutu, rangi, grisi na vumbi. Basi umeme unakwama. Kabla ya kununua balbu mpya, angalia njia ya kurudi. Ubovu mwingi uko hapo na kwenye plagi.

VIFAA

Msasa, bisibisi, koleo, tepu nyeusi ya umeme, balbu na fyuzi za akiba, kipande cha waya chenye urefu wa trela, na taa ya kupimia. Taa hii ni balbu ndogo ya volti 12 iliyofungwa waya mbili. Fundi wa jua kali anaweza kuwatengenezea.

Angalieni volti. Pikapu na trekta nyingi ni volti 12, lakini lori nyingi ni volti 24. Trela yenye balbu za volti 12 ikifungwa kwa lori la volti 24, balbu huungua mara moja.

DALILI NA MAANA YAKE

1. Taa zote zimekufa. Ubovu uko mahali ambapo zote zinapitia: fyuzi, plagi, au njia ya kurudi.

2. Taa moja tu imekufa. Anza na balbu yake na kikombe chake. Balbu yenye nyuzi mbili hufanya kazi ya taa ya nyuma na ya breki, kwa hivyo uzi mmoja unaweza kukatika na mwingine ukabaki mzima.

3. Taa zinawaka hafifu, au ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka, au ukiwasha indiketa taa zote zinapepesa. Hiyo ni njia ya kurudi. Umeme umekosa mlango wake, unatokea kwa jirani.

4. Taa zinawaka trela ikisimama, zinazimika kwenye mashimo. Kuna waya imelegea au plagi haishiki.

5. Fyuzi inaungua kila ikibadilishwa. Kuna waya iliyochubuka inayogusa chuma. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge waya mahali pa fyuzi. Waya zitapata moto, na wewe umebeba nyasi kavu!

HATUA ZA KUTAFUTA UBOVU

Kwanza, wekeni mawe kwenye magurudumu. Mtu mmoja awashe taa, mwingine asimame nyuma na kutaja anachoona.

Pili, jueni kama ubovu ni wa trekta au wa trela. Chomoeni plagi. Waya mmoja wa taa ya kupimia ugusishwe kwenye chuma kisafi cha trekta, mwingine kwenye kila tundu la soketi, taa zikiwa zimewashwa. Tundu la taa za nyuma likikosa umeme, ubovu uko kwenye trekta: angalieni fyuzi. Umeme ukiwepo, nendeni kwenye trela.

Tatu, safisheni plagi. Kutu ya kijani ikwanguliwe kwa msasa, na pini zilizolegea zipanuliwe kidogo kwa bisibisi. Jaribuni tena.

Nne, pimeni njia ya kurudi. Fungeni ile waya ndefu kwenye chuma kisafi cha trekta, na ncha nyingine igusishwe kwenye chuma cha kikombe cha taa. Taa ikiwaka vizuri, mmepata mwizi. Kwangueni rangi na kutu pale waya wa kurudi unapofungwa, mkaze bolti, mpake grisi juu yake. Na iliyo bora zaidi, pitisheni waya wa kurudi hadi kwenye plagi, msitegemee chuma cha kuungia.

Tano, fungueni kioo cha taa, mtazame balbu. Uzi uliokatika huonekana kwa macho. Balbu ikiwa nzima, safisheni kikombe.

Sita, fuateni waya kwa mkono toka mbele hadi nyuma. Tafuteni palipochubuka, palipotafunwa na panya, na viungo vilivyofungwa kwa kipande cha nailoni. Msiamini rangi za waya, maana kila fundi aliyepita alitumia aliyokuwa nayo.

Badilisheni jambo moja, mjaribu, halafu jingine. Ukigusa yote kwa pamoja hutajua lililoponya, na siku nyingine utaanza upya. Hatua zote sita zikishindikana, ndipo mumwite fundi. Mwelezeni mliyokwisha kupima, asije kuwatoza kwa kazi mliyoifanya.

TRELA INAYOINGIA MAJINI

Wanaovuta boti kwenye maziwa wanajua: plagi huchomolewa kabla trela haijaingia majini, maana balbu ya moto ikiguswa na maji baridi hupasuka. Nasi tunaorudisha trela ya tangi ukingoni mwa Ewaso Nyiro, au kuvuka lagga lenye maji, tufanye hivyo hivyo. Ukitoka, mwaga maji yaliyoingia kwenye taa, kausha plagi, ndipo uichomeke.

KAZI NI YA NANI?

Trela ya wote mara nyingi huwa haina mwenyewe. Dereva anasema ni kazi ya kamati, kamati inasema ni ya dereva. Chagueni watu wawili. Kabla ya kila safari wakague taa za nyuma, breki na indiketa, wafute vumbi kwenye vioo na viakisi mwanga vyekundu, waandike tarehe kwenye daftari na kutia sahihi. Anayekodi naye aonyeshwe taa zikiwaka kabla ya kulipa. Kanuni iwe fupi: hakuna taa, hakuna safari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Trela yetu ilikaguliwa taa lini mara ya mwisho, na nani?
2. Mtu akiumia kwa sababu trela haikuwa na taa, kikundi kitajibu nini?
3. Indiketa ikiwashwa na taa zote zikapepesa, tutaanza wapi?
4. Je, mweka hazina ametenga pesa za balbu na fyuzi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao leteni trela uwanjani jioni, giza likianza. Washeni taa, kisha wote mrudi nyuma hatua mia moja. Msichokiona ninyi mkiwa mmesimama, dereva wa mbio hatakiona.