Soma Kwanza, Uliza, Ndipo Utie Sahihi



Leo tunajifunza juu ya karatasi moja ya hospitali. Mgonjwa huletewa karatasi hiyo kabla ya kupasuliwa. Hupewa kalamu, au huletewa wino atie alama ya dole gumba. Wengi wetu hutia haraka tu. Wengine husema, "Daktari ndiye anayejua." Wengine huona aibu kusema kwamba hawakuelewa.

Wewe sasa unajua kusoma. Karatasi ile isikutishe tena. Inaitwa fomu ya idhini. Hebu tuone sheria ya Kenya inasema nini juu ya idhini ya mgonjwa, na inasema nini mgonjwa akikataa matibabu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Idhini: ruhusa unayoitoa wewe mwenyewe.
Hiari: kupenda mwenyewe, bila kulazimishwa.
Madhara: mabaya yanayoweza kutokea.
Dharura: jambo la ghafla lisiloweza kungoja.
Mlezi: mtu anayemtunza mtoto badala ya mzazi.

SHERIA INASEMAJE?

Kenya ina Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu cha 8 kinasema kwamba mhudumu wa afya ni lazima amweleze mgonjwa mambo haya:

1. Hali ya afya yake, yaani anaumwa nini.
2. Njia za matibabu zilizopo.
3. Faida, hatari na gharama ya kila njia.
4. Kwamba ana haki ya kukataa, na mambo yanayoweza kumpata akikataa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kifungu hicho hicho kinasema mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, pale inapowezekana. Tena mhudumu aangalie kiasi cha elimu ya mgonjwa. Kwa hiyo kusema "Sijaelewa, nieleze tena" si utovu wa adabu. Ni haki yako. Hata yule asiyejua kusoma kabisa ana haki hiyo.

Kifungu cha 9 kinasema mgonjwa asitibiwe bila idhini yake, isipokuwa katika mambo machache ambayo tutayaona hapo chini. Na idhini hiyo iwe ya mtu aliyekwisha kuelezwa.

TUCHUKUE MFANO

Mama mmoja amekuja hospitali. Anatokwa na damu nyingi kila mwezi. Amepimwa. Sasa wanazungumza na daktari.

Daktari: Mama, tumeona uvimbe katika nyumba ya mtoto. Inafaa tukufanyie operesheni. Tia sahihi hapa.

Mama: Asante, daktari. Lakini hii imeandikwa Kiingereza, na mimi nasoma Kiswahili. Naomba unieleze inasema nini.

Daktari: Sawa, mama. Inasema tutatoa uvimbe. Lakini damu ikitoka nyingi na ikakataa kukoma, huenda tukatoa nyumba ya mtoto yote.

Mama: Kumbe! Basi huenda nisizae tena?

Daktari: Ndiyo, mama. Ikitolewa, huwezi kupata mimba tena.

Mama: Je, kuna njia nyingine?

Daktari: Kuna dawa za kupunguza damu. Lakini uvimbe wenyewe utabaki.

Mama: Na nikingoja kidogo?

Daktari: Siku chache si neno. Ukikaa sana, damu itazidi kupungua mwilini na utakuwa dhaifu.

Mama: Nimeelewa. Naomba siku 2 nifikirie, niseme na mzee wangu.

Daktari: Hakuna neno, mama. Rudi Alhamisi.

Umeona? Mama huyu hakugombana na mtu. Alisema asante. Aliuliza mambo manne: karatasi inasema nini, nitapata madhara gani, kuna njia nyingine, na nikingoja itakuwaje. Kama angalitia sahihi mara moja, angaliweza kuamka kesho yake bila nyumba ya mtoto, na bila kujua kwamba alikubali.

JE, SAHIHI PEKE YAKE YATOSHA?

Haitoshi. Jambo hili liliamuliwa na mahakama ya nchi nyingine ya Afrika, nayo ni Namibia. Wanawake 3 walikwenda kujifungua katika hospitali za serikali. Wote walikuwa na virusi vya Ukimwi. Walipojifungua, walifungwa kizazi wasizae tena. Baadaye waliishtaki serikali. Serikali ilijibu kwamba walikubali, kwani karatasi zilikuwa na sahihi zao.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba haikuthibitishwa kuwa wanawake hao walitoa idhini ya kweli. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 3 Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ikakubaliana na uamuzi ule. Mama aliye katika uchungu wa kuzaa hana nafasi ya kupima jambo zito kama hilo. Sahihi iliyotiwa wakati wa uchungu, bila maelezo ya kutosha, haionyeshi kwamba mtu amekubali kwa hiari yake.

Hukumu ile ni ya Namibia, lakini fundisho lake linalingana na sheria yetu. Wino kwenye karatasi si idhini. Idhini ni kuelewa, halafu kukubali.

NANI ATIE SAHIHI?

Mgonjwa mwenyewe, akiwa ni mtu mzima na akili zake ziko sawa. Hapa ndipo vijiji vingi hukosea. Mama anaumwa, anaambiwa apasuliwe, naye anasema, "Ngojeni mzee wangu aje." Mzee yuko safarini. Au watu wanamtafuta baba mkwe. Saa zinapita, na mgonjwa anazidi kuzidiwa.

Kushauriana na mume, mke au wazazi ni jambo jema. Lakini Sheria ya Afya inamtaja mgonjwa mwenyewe. Mke mwenye akili timamu anaweza kutoa idhini kwa ajili ya mwili wake, sawa na mume kwa mwili wake.

Mgonjwa asipoweza kusema, kwa mfano amezimia, basi yule aliyemchagua kwa maandishi ndiye atakayemsemea. Kama hakumchagua mtu, jamaa yake wa karibu anaweza kutoa idhini.

Mtoto wa chini ya miaka 18 husemewa na mzazi au mlezi. Lakini mzazi akumbuke kwamba kukataa kwa ajili ya mwili wako si sawa na kukataa kwa ajili ya mtoto. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie.

WAKATI WA DHARURA

Mtu amegongwa na pikipiki. Amezimia. Jamaa zake hawajulikani. Je, daktari angoje idhini? La. Sheria inamruhusu amtibu mara moja ili asife au asipate kilema.

Katiba, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya inaongeza kwamba hospitali inayoweza kumtibu mtu wa dharura ikakataa, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3.

UKIKATAA MATIBABU

Una haki ya kukataa. Mhudumu hana ruhusa ya kukushika kwa nguvu au kukutukana kwa sababu umesema hapana. Lakini ni lazima akueleze litakalokupata. Anaweza pia kukutaka utie sahihi kwamba umekataa. Karatasi hiyo nayo isome vizuri. Ina maana kwamba ulielezwa hatari, nawe ukachagua mwenyewe.

Usikatae kwa hofu au kwa maneno ya barabarani. Uliza kwanza. Mtu anayekataa bila kuelewa hana tofauti na yule anayekubali bila kuelewa. Wote wawili wamefumba macho.

Haki hii ina mpaka. Magonjwa mengine huambukiza. Kifua kikuu, yaani TB, huenea kwa hewa. Mtu akiacha dawa anaweza kuwaambukiza watoto wake na jirani zake. Kwa ajili hiyo sheria inaruhusu mtu kama huyo atengwe na kutibiwa.

Lakini atengwe wapi? Mwaka 2010 wagonjwa wa TB kutoka Nandi walishtakiwa kwamba waliacha kumeza dawa. Hakimu akaamuru wafungwe miezi 8 katika gereza la Kapsabet. Walikaa humo siku 46 kabla ya kutolewa. Kesi ikafika Mahakama Kuu. Tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu ya kuacha dawa ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa wa kutengwa anahitaji mahali pa matibabu. Gerezani watu husongamana, na TB hupenda msongamano.

Kwa hiyo tukumbuke pande zote mbili. Mgonjwa wa TB ameze dawa mpaka mwisho, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Na serikali imtibu kama mgonjwa, isimfanye mhalifu.

HAKI NA WAJIBU

Haki huenda pamoja na wajibu. Sheria inamtaka mgonjwa aseme ukweli juu ya ugonjwa wake. Kama ulikunywa dawa za miti shamba, sema. Inamtaka pia awaheshimu wahudumu. Daktari na sista wana wagonjwa wengi na wanachoka. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Ukiona umetendewa vibaya, kifungu cha 14 kinakupa haki ya kulalamika, na malalamiko yako yachunguzwe. Andika tarehe, jina la hospitali na mambo yaliyotokea. Anza kwa msimamizi wa hospitali. Kama ni jambo la daktari, unaweza kupeleka barua kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Kalamu uliyojifunza kuishika darasani ina kazi kubwa hapo.

KABLA YA KUTIA SAHIHI, ULIZA:

1. Ninaumwa nini?
2. Mtanifanyia nini hasa?
3. Kuna hatari gani?
4. Kuna njia nyingine?
5. Nikikataa au nikingoja, itakuwaje?
6. Nitalipa kiasi gani?

Kama kuna herufi za mkato usizozijua, ziwekee kidole uulize, "Hizi maana yake nini?" Kama karatasi ina nafasi tupu, uliza itajazwa nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu wengi hutia sahihi bila kuuliza? Je, ni hofu, haraka au aibu?
2. Katika kijiji chenu, mama akiambiwa apasuliwe, nani huamua? Sheria inasema nani aamue?
3. Mtu amezimia na hana jamaa karibu. Daktari afanye nini?
4. Jirani yako ameacha dawa za TB. Utamwambia nini?

ZOEZI LA KUANDIKA

Nakili yale maswali sita kwenye karatasi ndogo. Iweke pamoja na kadi yako ya kliniki. Halafu msomee jirani mmoja asiyejua kusoma, mpaka naye aweze kuyasema kwa kichwa.