Tulinde Kompyuta ya Nyumbani

Wengi wetu tukiona kompyuta yaomba apdeti, twaikatalia ili bando isiishe. Hapo ndipo mwizi hupata mlango. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kompyuta za nchi zaidi ya 150 bila mtu kubonyeza chochote, vikafunga faili na kudai dola 300. Hata hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Na dawa ilikuwapo! Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi, ila wengi hawakuiweka.

Basi iruhusu apdeti, bando iliwe tu. Pia, hesabu za kikundi na picha za familia zinakili kwenye diski ya nje, halafu uichomoe. Ikiachwa imechomekwa, virusi vitaifunga nayo.