Mbao za Mkongo: Sifa Zake, Matumizi Yake na Namna ya Kuzinunua

Mlango wa mbao ngumu ni miongoni mwa vitu vya gharama kubwa ambavyo mwenye nyumba hununua mara moja na kutarajia vimtumikie maisha yake yote. Hata hivyo, si wanunuzi wengi wawezao kuutambua ubao waliouziwa. Somo hili linahusu mbao za mkongo, na lina makusudi matatu: kumwezesha mnunuzi kuzifahamu sifa za mbao hizo, kuzipima kabla ya kulipa, na kuilinda haki yake endapo atapewa kitu tofauti na alichokubaliana.

1. Mti wenyewe

Mkongo, ambao wataalamu huuita Afzelia quanzensis, ndio huo huo unaojulikana Zanzibar na pwani ya Kenya kwa jina la mbambakofi. Huota katika misitu ya miombo na misitu ya pwani, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, na upande wa magharibi hufika Angola. Matunda yake ni maganda mazito, magumu kama ubao, yenye mbegu nyeusi zilizovikwa kofia nyekundu. Ni mti ukuao polepole. Mti unaokatwa leo kwa ajili ya mlango ulianza kukua kabla ya mnunuzi wake kuzaliwa. Kwa sababu hiyo ubao wake ni ghali, na haufai kutumiwa pale ambapo ubao wa miti ya kupandwa ungetosha.

2. Sifa za ubao

Uzito. Ubao mkavu wa mkongo una uzito wa takriban kilo 800 kwa mita moja ya ujazo, ingawa hutofautiana kati ya mti na mti. Ubao wa msindano uliokauka huwa na kilo 450 hadi 500 hivi.

Rangi. Kiini cha mti, yaani sehemu ya ndani, huwa na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, nayo hukolea kadiri ubao unavyokaa katika mwanga na hewa. Sehemu ya nje, karibu na gome, ni nyeupe kama majani makavu. Mpaka baina ya sehemu hizi mbili huonekana waziwazi.

Udumifu. Kiini hustahimili mchwa, kuvu na vidudu vitoboavyo mbao bila kuhitaji dawa. Sifa hiyo haimo katika sehemu nyeupe. Weupe huo hushambuliwa na dumuzi, hubaki unga mtupu, na mlango uliolipiwa kwa bei ya kiini ukaanza kuporomoka pembeni. Mnunuzi asikubali weupe katika fremu wala katika milango.

Utulivu. Ubao wa mkongo ukishakauka vizuri husinyaa na kuvimba kidogo sana majira yanapobadilika. Hii ndiyo sifa inayoufanya upendwe kwa milango na madirisha: mlango haukwami masika wala hauachi nyufa kiangazi.

Ugumu wa kazi. Ubao huu hufubaza msumeno na randa upesi, na hupasuka ukipigiliwa msumari bila kutobolewa kwanza kwa keekee. Vumbi lake huwasha pua na macho. Fundi afunike pua na mdomo anapopiga msasa. Aidha, ndani ya vinyweleo vyake mna rangi ya manjano inayoyeyuka katika maji. Ubao usiopakwa vanishi ukilowa huweza kutia madoa kwenye nguo au ukuta.

3. Matumizi yake

Mkongo hufaa kwa milango ya nje, fremu, madirisha, ngazi, sakafu, samani nzito na vyombo vya baharini. Pamoja na msaji na mfenesi, umetumika tangu zamani kutengenezea milango ya nakshi ya miji ya Waswahili, ikiwamo ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Haufai kwa kenchi za paa: uzito wake huelemea kuta, na bei yake haina sababu mahali pasipoonekana. Kwa milango ya ndani na makabati, mbao nyepesi na nafuu zaidi hutosha.

4. Kuupima ubao kabla ya kulipa

Kwanza, pima uzito. Chukua ubao wa inchi 2 kwa 8, wenye urefu wa futi 12. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.038 hivi. Ukiwa ni mkongo mkavu, utakuwa na uzito wa karibu kilo 30. Ukiwa ni msindano mkavu, kilo 17 hadi 19. Ubao ulio mwepesi mno si mkongo. Lakini tahadhari: ubao mbichi wa mti mwingine nao huwa mzito kwa sababu ya maji. Uzito peke yake haukamilishi ushahidi.

Pili, tazama ndani. Rangi ya kupaka huweza kuufanya ubao wowote ufanane na mkongo. Mwombe fundi apitishe randa mahali padogo, au akate ncha. Rangi ya asili huendelea hadi ndani. Rangi ya kupaka huishia juu.

Tatu, pima unyevu. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopata hasara, kwa kuwa hata mkongo halisi ukiundwa mlango ungali mbichi utasinyaa na viungo vyake vitaachana. Mbao za milango zinapaswa kuwa na unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Fundi mwenye kipima unyevu ataonyesha mara moja. Asiye nacho, na akate kipande kidogo na kukipima kwa mizani ya dukani, kisha akianike mahali pakavu na kukipima tena kila baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kupungua sana, mbao hizo hazijakauka. Kipimo kamili hufanywa kwa kukikausha kipande katika tanuri maalumu hadi uzito usipungue tena. Mfano: kipande cha gramu 230 kikibaki gramu 200, maji yaliyotoka ni gramu 30, ukigawanya kwa 200, unyevu wake ulikuwa asilimia 15.

Nne, pima vipimo. Ubao huuzwa kwa vipimo vya msumeno, na randa hupunguza unene na upana. Mkubaliane mapema kama inchi 2 ni kabla ya randa au baada yake.

5. Uhalali wa mbao

Tanzania Bara, uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Muuzaji halali huwa amesajiliwa, na mbao zake huwa zimesafiri kwa hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Omba kuiona hati hiyo na udai risiti. Anayekutwa na mbao asizoweza kueleza zilikotoka huweza kuingia katika matatizo ya kisheria, hata kama alizilipia. Kimataifa, miti ya jamii ya mkongo ya Afrika iliingizwa mwaka 2022 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kusafirisha magogo au mbao zake nje ya nchi huhitaji kibali.

6. Makubaliano na malalamiko

Kabla ya kutoa malipo ya awali, andikeni mambo haya: jina la ubao, kwamba ni kiini kitupu, kiwango cha unyevu, vipimo baada ya randa, bei na siku ya kukabidhiana. Usimalize kulipa kabla ya kuukagua mlango ambao haujapakwa rangi, kwa maana rangi huficha mengi.

Kasoro ikijitokeza, mweleze muuzaji kwa maandishi, ukiambatisha picha na nakala ya risiti. Asipotekeleza wajibu wake, peleka lalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu. Lalamiko lihusulo vipimo pungufu lipelekwe Wakala wa Vipimo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ubao mzito unaweza usiwe mkongo?
2. Kipande cha gramu 260 kimekaushwa kikabaki gramu 200. Je, mbao hizo zinafaa kuundia mlango?
3. Taja sehemu ya mti ambayo mnunuzi hapaswi kuikubali, na ueleze sababu.
4. Ni karatasi zipi mbili utakazodai kwa muuzaji wa mbao, na kila moja itakusaidia vipi?