Askari Anapokataa Amri: Kamanda Afanye Nini?

Machakos na jeshi ni marafiki wa siku nyingi. Tangu enzi za King's African Rifles (KAR), vijana wa Ukambani wamekuwa wakijiunga kwa wingi, na wengine wamefika kileleni. Jackson Mulinge, mzaliwa wa Kathiani, alianza KAR wakati wa Vita Vikuu vya Pili na akapanda ngazi hadi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kuanzia 1978 hadi 1986. Kijitabu hiki ni kwa maafisa wachanga, masajenti, makurutu na jamaa zao. Kinaeleza sheria na historia zinasema nini kuhusu askari aliyekataa amri, na wajibu wa anayemwongoza.

Januari 1964: kosa moja, majibu matatu

Jibu la kiongozi huamua kama uasi utakwisha au utarudi. Ushahidi upo Afrika Mashariki, ndani ya siku tano tu.

Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao Waingereza. Tarehe 23 wakafuata wenzao wa Jinja, Uganda. Jioni ya tarehe 24 ikawa zamu ya kikosi cha 11 cha Kenya Rifles, Lanet, karibu na Nakuru. Kote malalamiko yalifanana: mshahara mdogo, na Waingereza kuendelea kushika vyeo vya juu hata baada ya uhuru.

Kule Jinja, Waziri Felix Onama alienda kuzungumza na askari, wakamzuia, akakubali kuwaongezea mshahara huku yuko mikononi mwao. Wanajeshi wa Uingereza walikuja baadaye kuidhibiti kambi na baadhi ya askari wakafukuzwa, lakini nyongeza ilibaki. Askari wa Uganda walijifunza kwamba bunduki husikilizwa haraka kuliko barua. Uganda ilikuwa na matatizo mengine mengi, lakini miaka saba baadaye, Januari 1971, jeshi hilohilo chini ya Idi Amin lilimpindua Milton Obote.

Julius Nyerere alichagua njia nyingine. Alilivunja jeshi lote, viongozi wa uasi wakafikishwa mahakamani, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi.

Huko Lanet, askari walikuwa wametarajia Jomo Kenyatta atangaze habari njema za mshahara redioni. Hotuba ikaisha bila neno hilo, nao wakavunja ghala la silaha. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa karibu waliizingira kambi. Serikali ilikataa kujadiliana na watu wenye silaha mkononi. Walioongoza walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wengine wakaachishwa kazi, na kikosi kikavunjwa. Baada ya hapo ndipo serikali ikayageukia malalamiko yenyewe: masilahi yakaboreshwa na Waafrika wakapandishwa vyeo kwa kasi. Mwaka 1966 Joseph Ndolo, Mkamba aliyepitia KAR, akawa Mkenya wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu.

Somo la Lanet ni la mpangilio. Kosa lilipelekwa kwa sheria, malalamiko yakashughulikiwa kando, wala moja halikufanywa bei ya jingine.

Kabla ya kumshtaki

Si kila ukaidi ni uasi. Koplo anayeripoti kwamba kijana wake "amegoma" anapaswa kuwa na majibu ya maswali manne. Je, amri ilikuwa halali? Kumtuma askari akachunge mbuzi wa afande nyumbani kwake si sawa na kumtuma zamu ya lindo. Je, aliisikia na kuielewa? Je, alikuwa na uwezo wa kuitekeleza, au alikuwa mgonjwa? Na nani alishuhudia?

Amri irudiwe kwa sauti tulivu, mbele ya shahidi, na askari aambiwe wazi kwamba akikataa atashtakiwa. Wengi hutii hapo. Kofi, teke au adhabu ya kubuni papo hapo humgeuza afande kuwa mshtakiwa wa pili.

Mbele ya kamanda

Kwa desturi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, askari huingizwa kwa kamanda wake bila kofia wala mkanda. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya 2012 inamruhusu kamanda kuamua makosa madogo mwenyewe. Mazito huenda kwenye mahakama ya kijeshi, ambayo Katiba, kifungu cha 169, inaitambua kuwa miongoni mwa mahakama za chini. Aliyetiwa hatiani anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

Katiba inaruhusu baadhi ya haki za wanajeshi kupunguzwa. Haki ya kusikilizwa bila upendeleo na ile ya kutoteswa haziguswi.

Afande naye hufungwa na sheria

Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa cheo cha chini wa Jeshi la Wanahewa, Hezekiah Ochuka, aliongoza jaribio la mapinduzi. Lilizimwa, akatorokea Tanzania, akarudishwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987. Kamanda wa jeshi hilo, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne na mahakama ya kijeshi kwa kushindwa kuuzuia uasi.

Kesi ya Kariuki inaonya pande mbili. Kiongozi aweza kushtakiwa kwa kupuuza dalili za uasi. Lakini miongo kadhaa baadaye, mahakama za kiraia zilikubali kwamba haki za Kariuki mwenyewe zilivunjwa, na zikaamuru alipwe fidia. Adhabu iliyotolewa kinyume cha utaratibu huigharimu serikali hata baada ya miaka 30.

Kwa familia

Mwana au binti yenu akishtakiwa kwa kukataa amri, msikimbilie kumtafuta mkubwa wa "kuongea naye". Ulizeni kikosi chake ameshtakiwa kwa kosa gani na kesi itasikilizwa lini. Mtafutieni wakili mapema, kwa sababu sheria inamruhusu kuwakilishwa katika mahakama ya kijeshi. Akihukumiwa, mwulizeni wakili siku hiyohiyo muda wa kukata rufaa, kwani muda huo ukipita ni vigumu kuongezewa.