Mama ametoka hospitali, msimlaze tena

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa hapa Mugunga, Goma. Mama yangu mzazi ana miaka 73. Alikuwa mkulima wa Sake mpaka vita vya Februari 2024 vilipotukimbiza. Tulikaa kambini, na kambi zilipovunjwa mwaka 2025 tukapanga nyumba ya mbao. Miezi miwili iliyopita alitoka usiku kwenda chooni, akateleza kwenye mawe, akavunjika nyonga. Walimpasua, wakamwekea chuma. Wakati wa kutoka, daktari alisema mama atembee. Lakini kaka yangu mkubwa akasema mama ameteseka maisha yote, sasa ni zamu yake kupumzika. Basi tunamlisha kitandani na kumwogesha hapohapo. Binti yangu wa miaka 13 haendi shule siku hizi, anashinda na nyanya yake. Mapaja ya mama yamekwisha kabisa. Usiku analia na maumivu, kwa hiyo jirani anatuletea mtu wa kumkanda kwa majani ya moto, na duka la dawa wanampiga sindano. Juzi alijaribu kusimama, akatetemeka, akasema, "Hii miguu si yangu tena." Ila bado anatuambia akipona atarudi Sake kulima. Tufanye nini? Na je, tumwambie ukweli kwamba hatarudi?
Binti mwenye wasiwasi, Mugunga

Dada yangu, pole sana, na mama mfikishie salamu zangu. Naona mmemhudumia kwa moyo wote, ndiyo maana nakuambia wazi: kitanda kinammaliza mama yenu haraka kuliko hiyo nyonga. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya njema, wa umri wa wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wamevunjika mfupa wala kupasuliwa, na chakula walipata. Mama yenu amelala miezi miwili baada ya operesheni. Mtu akilala hivyo, tumbo nalo hufunga, mapafu hujaa makohozi, ngozi ya matako na visigino huanza kuchubuka, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Leo mchunguzeni mgongo, makalio na visigino. Mkiona wekundu usioondoka au kidonda, mwambieni muuguzi.

Kabla ya mazoezi yoyote, mrudisheni hospitali alikopasuliwa, wapige picha ya nyonga. Maumivu ya kumliza mtu usiku, miezi miwili baada ya operesheni, yanahitaji kuangaliwa. Ikiwa ule mguu unaonekana mfupi kuliko mwenzake, au umegeukia nje, au hawezi kabisa kuukanyaga, msingoje siku ya miadi, nendeni leo hii. Mkiwa mbele ya daktari muulizeni swali moja na msiondoke bila jibu: anaruhusiwa kuukanyaga mguu kwa uzito wake wote, au nusu, au bado? Jibu linategemea mfupa ulivunjika wapi na chuma gani kimewekwa, kwa hiyo la mgonjwa wa jirani halitawafaa nyinyi. Muulizeni pia kuhusu dawa za kuimarisha mifupa, maana mfupa unaovunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha mtu mwenyewe kwa kawaida ulikuwa dhaifu kabla. Na macho yake yapimwe. Wazee wengine huanguka usiku kwa sababu ya mtoto wa jicho, na familia hulaumu mawe.

Ikiwa hamwezi kurudi alikopasuliwa, hospitali ya Ndosho haiko mbali nanyi, na HEAL Africa wana historia ndefu ya kutibu mifupa. Goma kuna pia Shirika la Umoja, kituo kinachojulikana kwa viungo bandia na vifaa vya kutembelea. Hapo ndipo pa kuulizia magongo au ile fremu ya miguu minne, pamoja na kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa kumfundisha mama kutembea upya. Fimbo aliyokata mtoto kichakani kwa kawaida huwa ndefu mno au fupi mno. Mama akisimama wima na mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Na aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande wa mguu unaouma, na hapo fimbo haimsaidii mtu.

Daktari akishasema ndiyo, anzeni na kuketi. Asubuhi mama asiinuliwe mara moja kutoka kulala hadi kusimama. Kule kutetemeka kwa juzi huenda kulichangiwa na hilo: aliyelala muda mrefu akisimama ghafla, presha hushuka na kichwa kikazunguka. Aketi ukingoni mwa kitanda dakika 2 au 3, akipandisha na kushusha nyayo zake. Kisha ahamie kwenye kiti kigumu kinachoegemea ukuta, kisicho kifupi, chenye mikono ya kushikia. Hapo lifanyike zoezi ambalo, kama mama angekuwa na nguvu za zoezi moja tu kwa siku, ningemchagulia hilo. Asogee mbele kidogo kwenye kiti. Arudishe nyayo nyuma mpaka zikae chini ya magoti. Ainame mbele, pua ivuke magoti, asukume kwa mikono na miguu, asimame. Atulie, apumue, kisha ashuke polepole bila kujibwaga, kwa sababu katika kule kushuka taratibu ndipo paja linapofanya kazi. Siku za kwanza akiweza mara 2, ni 2. Mnataka afike 5 kwa mkupuo, asubuhi, mchana na jioni. Wewe simama upande wa mguu wenye chuma, mkono mmoja kiunoni kwake. Usimvute kwapani wala usimnyanyue. Ukimnyanyua, umefanya zoezi wewe.

Akishaweza kusimama, mwekee kazi ya kusimama. Hapa nataka kaka yako anisikilize. Kwetu mzee aliyezaa hukalishwa, akaletewa, akahudumiwa, na mtoto anayemwachia mama yake kazi husemwa vibaya na majirani. Najua. Lakini mama huyu amelima tangu utotoni, na mkimwondolea kila kazi mnamwachia maumivu tu ya kufikiria mchana kutwa. Achambue maharagi akiwa kitini. Achume sombe kwenye mabua yake. Apepete mchele. Wiki inayofuata akate vitunguu amesimama mezani, dakika 5, kiti kiko nyuma yake. Na kwa kuwa moyo wake uko shambani, mletee shamba mlangoni: jaza udongo katika magunia mawili, uyasimamishe mahali anapofika kwa hatua chache, mpande lengalenga. Gunia lililosimama halimlazimishi mtu kuinama. Atapalilia amesimama, mkono mmoja kwenye fremu, na lengalenga zikikomaa nyumba nzima itakula kazi ya mikono yake. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke angalau siku 3 kwa wiki. Mama mwenye magunia mawili ya mboga atayafanya siku 7, na hatahitaji kubembelezwa.

Sasa tuje chooni, maana ndiko alikoangukia. Mugunga mnajenga juu ya lava, shimo halichimbiki, na vyoo vingi vimeinuliwa juu kwa ngazi. Kwa mwenye nyonga iliyopasuliwa hicho ni kilima. Usiku asiende kabisa. Chukua kiti cha plastiki kigumu, ukitoboe tundu katikati, ndoo yenye kifuniko chini yake, kikae hatua 2 kutoka kitandani na taa ndogo ya sola iwake usiku kucha. Mchana aende, na atakwenda vizuri mkipigilia ubao wa kushikia kando ya ngazi. Kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize mguu mgonjwa. Njia ya kutoka mlangoni mpaka chooni ijazeni mchanga mweusi. Tshukudu, zile baiskeli za mbao, moja au mbili zikiuleta mchanga huo, zitaziba mianya yote ya mawe. Kambambili azivue. Apate viatu vinavyoshika kisigino, hata vya mitumba.

Mazoezi yakitoka nje ya nyumba, kumbukeni mazuku. Nyinyi wa Mugunga na Bulengo mnayajua kuliko mimi, lakini nimeona watu wakiyakumbuka kwa watoto na mbuzi, wakayasahau kwa wazee. Hewa hiyo ya kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za lava, ni nzito, inatuama mabondeni na mashimoni usiku na alfajiri kabla upepo haujaipeperusha. Aliyesimama anaweza kupita akasalimika, huku aliyeketi chini akazimia. Kwa hiyo mama asitoke alfajiri. Jua liwe limepanda, atembee sehemu za juu, aketi kitini na si kwenye mkeka uliotandikwa bondeni. Mkiona wadudu au ndege wamekufa mahali, hapo si pa kupumzikia. Na asubuhi zenye baridi msimwashie mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa makala una sumu yake, na mzee aliyelala hawezi kuukimbia.

Chakula sitakirefusha. Misuli haijengwi kwa bugali na mchuzi mtupu. Sahani yake iwe na maharagi, au sambaza, au yai, kila mlo kiasi fulani, na uji wake utiwe unga wa soya. Anywe maji hata kama anakwepa kwa kuogopa safari za chooni. Kile kiti chenye ndoo kitamwondolea hofu hiyo.

Sindano za duka la dawa zisimamisheni mpaka daktari azione. Muulizeni muuzaji jina la dawa, mliandike. Nyingi za sindano za maumivu wanazopigwa wazee mitaani ni diklofenaki, na dawa hiyo ikirudiwarudiwa inaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo la mzee, hasa akiwa anameza pia vidonge vya presha. Daktari akimwandikia parasetamoli, mpeni kwa kipimo chake, nusu saa kabla ya mazoezi, ili maumivu yasimkatishe tamaa. Mkandaji naye asiguse nyonga iliyopasuliwa wala paja lake, na majani ya moto yasiwekwe juu ya kovu. Siwezi kulegea hapo. Na kama mguu wa chini umevimba upande mmoja, una joto na unauma, msiukande hata kidogo, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda, na ikikatika hupanda mpaka kwenye mapafu. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, sawa na kubanwa pumzi ghafla, homa, usaha kwenye kovu, au mama kuanza kuchanganya maneno. Kubalianeni mapema na jirani mwenye gari, maana mgonjwa wa nyonga kumpakia kwenye pikipiki usiku ni kumvunja tena.

Binti yako arudi shule. Najua mikono ni michache na bei ya kila kitu imepanda, lakini miaka 13 si umri wa kuwa muuguzi, na nyanya yake mwenyewe, ukimuuliza, sidhani kama atakubali mjukuu akose kusoma kwa ajili yake. Saa za shule gawaneni nyinyi watu wazima. Mama wa kanisani au jirani anaweza kuja saa moja ya mazungumzo, na hiyo saa moja mama asimame mara tatu.

Umeuliza kama mumwambie hatarudi Sake. Msimwambie. Hakuna kati yetu ajuaye barabara ya kwenda Sake itakuwaje, na hiyo hamu ya kurudi ndiyo itakayomtoa kitandani asubuhi. Muulizeni badala yake alikuwa anapanda nini, mbegu alitunzaje, na kipi kitaota kwenye gunia. Mwekeeni safari fupi: wiki hii mlangoni, inayofuata kwenye magunia, kisha kwa jirani wa tatu, kisha kanisani na kiti njiani. Siku zitakuwapo atakazokataa. Mwacheni siku moja, ya pili mrudie.

Na kaka yako asihukumiwe nyumbani. Amemwona mama akibeba mizigo miaka yote hiyo na anaogopa kumwona akianguka tena. Kwa hiyo siku ya kwenda kupiga picha, yeye ndiye ampeleke mama. Aingie naye ndani, aulize hilo swali la kukanyaga kwa mdomo wake, kine amwonyeshe yeye namna ya kusimama kando ya mama na mkono kiunoni. Wewe siku hiyo baki nyumbani, utafute magunia.