Usizike kanuni za mhandisi ndani ya msimbo

Programu yangu ya kwanza ya kusanifu boriti za zege ilifanya kazi vizuri mwaka mzima. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili, gawa urefu wake kwa 20 upate kina hadi katikati ya nondo. Iliyoshikwa upande mmoja tu, gawa kwa 7. Namba hizo ni za BS 8110, kiwango cha zamani cha Uingereza cha zege, nami nilizichomeka moja kwa moja kwenye msimbo. Ofisi ilipohamia Eurocode 2, kiwango cha Ulaya, ile 7 ilikuwa imejificha sehemu nne. Nikarekebisha tatu. Ya nne aliigundua mhandisi mzee kwa penseli, nondo zikiwa zimeshaagizwa.

Tangu hapo kanuni naziweka kwenye faili lake. Kila kanuni inasema inahitaji taarifa gani, inatoa jibu gani, imetoka kifungu kipi, na nani aliihakiki. Injini inayozisoma haijui zege wala nondo. Inatazama tu kanuni ipi imeshapata taarifa zake zote, inaitekeleza. MYCIN, programu ya maambukizi ya bakteria iliyojengwa Stanford miaka ya 1970, iligawanywa hivyo hivyo, kanuni mbali na injini, hata watafiti wakaweza kuiondolea elimu ya tiba, injini ikabaki na kuitwa EMYCIN.

Chukua boriti ya mita 6. Milimita 6000 kwa 20 ni 300. Ongeza 25 za zege linalofunika, 8 za ringi, na 8 ambazo ni nusu ya nondo ya 16: jumla 341, tunapandisha hadi 350. Sasa jengo lisogezwe ufukweni, ile 25 iwe 50. Jumla inakuwa 366, na kwa kuwa tunapanda kwa hamsini hamsini, boriti ni 400. Injini ikitunza kumbukumbu ya jibu lipi linategemea lipi, inarudia hatua hizo mbili tu, kujumlisha na kupandisha, bila kuigusa ile 300. Muhimu zaidi, mhandisi akibonyeza 400 na kuuliza kwa nini, anaonyeshwa mnyororo wote hadi kwenye kifungu. Bila hilo hataweka sahihi yake, na ana haki.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, kaa na mhandisi wako. Andikeni kanuni kumi kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mwombe azisome na kuzisaini.